Profesa Aliyekataa Kupita Mbele

Ukitaka kujua kama Profesa yuko kwenye duka la mikate, hukuwa na haja ya kuingia ndani. Ulisikia ubishi kutoka barabarani.

"Tata Profesa, pita mbele."

"Sipite. Nilikuta huyu mama hapa, njo atanunua wa kwanza."

"Lakini ni mi mwenyewe nakuachia nafasi."

"Aksanti. Naikatala."

Muda wote huo muuza mikate kasimama na mikate mkononi, hajui ampe nani, na mulongo, yaani foleni kwa Kiswahili chetu cha Kolwezi, ambacho husema njo badala ya ndiye au ndiyo, unazidi kurefuka hadi nje. Kila mtu anataka kumheshimu mzee, mzee hataki kuheshimiwa, na mikate inapoa. Mwishowe mtu wa nyuma kabisa angesema kwa sauti ya kuchoka: "Profesa, tunakuomba, pita tu, batoto banapashwa kwenda ku masomo." Hapo angegeuka na kumtazama huyo mtu kwa furaha kubwa. "Njo unaona? Weye njo unaumia, hapana mi." Kisha angebaki palepale alipokuwa. Niliyashuhudia haya mara nyingi mpaka nikaanza kununua mikate kwenye duka jingine.

Huyo ndiye Profesa wetu. Jina analo, lakini mjini halitumiki; ni Profesa tu, au Tata, yaani baba. Hata mkewe humwita Profesa, hasa akiwa amemkasirikia. Alikotoka sikuambii kwa sababu hakuwahi kuniambia. Kwetu swali hilo si la kupitisha wakati. Sisi ambao wazee wetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi tunalijua vizuri, maana tumezaliwa hapa, tumezika wazee wetu hapa, na bado tunaulizwa. Profesa naye aliulizwa, tena sana, na jibu lake halikubadilika. Alinyoosha mwavuli kuelekea mgongo wa mtu aliyesimama mbele yake. "Mi niko mutu wa nyuma ya huyu." Waliocheka walicheka, walionuna walinuna, na hakuna aliyepata jibu lingine.

Alifundisha biashara chuo kikuu. Wenzake walifundisha bei, kodi, mabenki. Yeye pia aliyafundisha hayo, kwa kuwa alilazimishwa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kitu alichokiita usawa wa soko. Maana yake ilikuwa rahisi, na alimweleza yeyote aliyekaa karibu naye muda wa kutosha: watu wawili wakileta kitu kilekile sokoni, wahudumiwe sawasawa. Mzani uleule, maneno yaleyale, na kila mtu kwa zamu yake. Hasa zamu. Alisema ukitaka kujua mji unawathamini akina nani, acha kuuliza bei, angalia nani anaambiwa apite na nani anaambiwa angoje. Mwalimu mwenzake mmoja alimwuliza mbele yetu kama kweli kuna elimu ya foleni. Profesa akasema ipo, na yeye ameisoma miaka yote hii na bado hajafaulu. Tukacheka wote, kisha tukaingia darasani.

Njia yake ya kutufundisha ilikuwa kusimama. Kabla hujaandika sentensi moja ya kazi yako ya mwisho, ulipaswa kwenda kusimama mahali ambapo watu wanangoja: kwenye bomba la maji, kwenye zahanati, kwenye soko la unga, kwenye dirisha la ofisi. Usimame kama mtu mwenye shida, si kama mtazamaji. Kalamu hakuiruhusu. "Kuandika utaandika ku nyumba," alisema. "Mbele ya batu, simama tu." Hakuna aliyepita mikononi mwake asiyejua visigino vinavyouma ifikapo saa sita ya mchana.

Mimi nilimfikia na mpango wangu wa utafiti ulioandikwa kwa Kifaransa kizuri, kimejaa maneno ambayo nusu yake nilikuwa nimeyajua wiki hiyohiyo. Aliusoma huku anatafuna karanga. Sote alituita patron, yaani bosi, hata mlinzi wa geti alikuwa patron.

"Patron, ulisimama wapi?"

"Mu bibliotheke, Profesa," nikasema, yaani maktaba.

"Mu bibliotheke tunaikala. Nauliza ulisimama wapi."

Mimi nina hasira za karibu, nilizirithi kwa mama. Nikamjibu bila kupima: "Mi nilisimama ku depo ya mawe tangu niko mutoto, na mama yangu, nyuma ya banaume bote. Ile njo unataka kusikia?"

Akaacha kutafuna. Akalisogeza bakuli la karanga upande wangu na kusema nimweleze yote.

Nilimweleza hivi. Mama yangu ni mmoja wa wanawake wa mtaa wa Kasulo wanaoosha mawe. Wachimbaji wakitoa mawe ya kobalti na shaba shimoni, yapo yanayobaki na udongo mwingi, na hayo ndiyo ambayo wanawake wanayachambua, wanayaosha majini mgongo umepinda, wanayatia kwenye mifuko na kuyabeba hadi depo. Depo ni banda lenye mzani, mashine ya kupima ubora wa mawe, na mnunuzi. Wanaume walipanga mulongo mbele ya mzani. Wanawake walikaa pembeni, ukutani, wakingoja waitwe. Wanasema mwanamke akikaribia shimo mawe yanakimbia, na imani hiyo ilitoka shimoni ikafuata mawe mpaka kwenye mzani. Wanaume wakiisha, kama mnunuzi bado ana nguvu, aliwaita. Mara nyingi alikuwa anafunga. Basi kila mama alitafuta mwanaume wa kumwuzia, na huyo mwanaume ndiye aliyeamua arudishe nini. Mama yangu alimtuma mjomba, na mjomba alikuwa mtu wa kiu ya pombe. Kwa hiyo mama alitaka jambo moja tu katika dunia ya biashara: aweke mawe yake kwenye mzani kwa mkono wake mwenyewe, mnunuzi akiwa bado hajachoka.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho tunaenda."

"Kufanya nini, Profesa?"

"Kusimama."

Kabla sijafika huko depo lazima niseme mengine, maana nikiyaacha utadhani alikuwa mtakatifu. Hakuwa. Kwanza, mtu huyu aliyependa foleni alikuwa hawezi kungoja. Alilalamika, alihema, aligonga ardhi kwa mwavuli, aliwauliza watu wa mbele kwa nini wanachagua nyanya kana kwamba wanachagua mchumba. Mama mmoja muuza sombe, majani ya muhogo, alimwambia kama foleni inamtesa hivyo, apite. Hakupita, wala hakuacha kulalamika.

Halafu kuna habari ya firigisi. Nyumbani kwake, kuku akipikwa, firigisi ni ya Profesa, na anapakuliwa wa kwanza, kama ilivyo kwa baba wengi wa kwetu. Sisi wanafunzi wake tulialikwa pale siku za Jumapili, na mwenzetu aliyetoka Sandoa, kijana mpole kuliko wote, siku moja akauliza kwa heshima zote kama firigisi nayo haina zamu. Profesa akasema kwamba hilo si soko, ni jiko, na jikoni ana utawala mwingine. Akamwangalia mkewe amsaidie. Mkewe akasema, "Usawa yako inaishia ku mulango ya nyungu yangu," na kwa kuwa chungu kilikuwa chake, akaichukua firigisi kutoka kwenye sahani ya mumewe akampa yule wa Sandoa. Profesa aliikodolea macho ikiliwa mpaka ikaisha. Jumapili iliyofuata ilirudi kwenye sahani yake na hakuna aliyethubutu kuuliza tena.

Kwenye mkoba nako kulikuwa na vituko. Chuoni kwetu mwanafunzi humbebea profesa mkoba, ni heshima na pia ni njia ya kujulikana. Wa kwetu hakukubali. Lakini hakukataa moja kwa moja, maana alijua kukataa kunaumiza mtu. Ukishika mkoba wake, alishika wako. Kwa hiyo tulivuka uwanja wa chuo kila mtu na mzigo wa mwingine, mimi na begi lake la ngozi lililopasuka, yeye na mfuko wangu wa kitenge wenye maua. Walimu wengine walituangalia kwa huruma. Yeye alitembea kifua mbele na maua yake.

Kama mlezi wa wanafunzi alikuwa mkali na mwenye huruma kwa wakati mmoja, na hukujua leo utakutana na yupi. Kazi zetu alizirudisha zimejaa swali moja pembeni: "Nani?" Ukiandika kwamba wateja walihudumiwa, nani? Ukiandika kwamba iliamuliwa, nani aliamua? Mwenzetu aliyetoka Kisenge, kwenye mgodi wa manganizi, alikata tamaa kwa ajili ya hilo neno, akatangaza anaacha masomo. Profesa hakumbembeleza. Alimtuma akasimame kwenye zahanati. Kule kijana akasimama nyuma ya msichana mmoja aliyemleta bibi yake, wakaongea, wakarudi siku nyingine bila bibi, na leo ni mke na mume wenye watoto. Alimaliza na masomo yake pia. Kwenye harusi Profesa aliomba kusema, akawaambia wageni kwamba katika wanafunzi wake wote huyu ndiye aliyepata matokeo mazuri zaidi, na anatuomba sisi wengine tufanye bidii. Mimi wakati ule sikuwa na mchumba, na kila mtu aligeuka kuniangalia.

Na alikuwa na jambo hili ambalo mpaka leo linanipa joto moyoni: akishakupokea, hakukuachilia. Nilipoomba nafasi ya usaidizi wa kufundisha, wakubwa wa idara walitaka kumpa mtu mwingine, mwanaume, kwa maneno kwamba mimi nitaolewa. Profesa aliingia kwenye kikao, akauliza kama yule mwanaume yeye hataolewa na mtu. Walicheka, na kwenye kicheko hicho nikapata nafasi yangu. Alinieleza baadaye kwamba wakubwa wakicheka inabidi uwahi, maana kicheko hakidumu. Nilimpenda mzee yule, nisiseme kwa kuzunguka.

Narudi depo. Asubuhi ile alikuja amevaa kravati, viatu vilivyopigwa rangi, na mwavuli. Vumbi la Kasulo likamkaribisha. Mama alikuwa ameketi ukutani na wenzake. Profesa akamsalimia, akaomba amsaidie kushika mfuko wake mdogo wa mawe, na akasimama nao mwisho wa wale wanawake, kwenye ukuta. Mnunuzi alipomwona alisimama.

"Tata Profesa, pita mbele, kuya ku kivuli."

"Aksanti, patron. Niko nyuma ya aba bamama."

"Lakini bamama banangoya banaume bamalize."

"Basi na mi nangoya."

Mnunuzi alijaribu kuendelea na kazi. Hakuweza. Sisi watu wa Kolwezi tuna makosa yetu, lakini mzee mwenye kravati kusimama juani na mfuko wa mawe, hilo hatuliwezi. Mnunuzi akatuma maji, yakakataliwa. Wachimbaji kwenye mulongo wakaanza kuona haya, wakigeuka geuka. Mmoja akasema kwa sauti, "Baite bamama kwanza, huyu muzee aende ku nyumba." Na ndivyo ilivyokuwa. Kumfikia Profesa ilibidi wapite kwa kila mwanamke aliyekuwa mbele yake. Siku hiyo mama yangu aliweka mawe yake kwenye mzani kwa mkono wake. Alinieleza jioni kwamba kile chuma kilikuwa cha baridi, hakutegemea kiwe cha baridi. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia peke yangu kwa furaha.

Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, akiwa na darasa zima nyuma yake. Mwenye depo alichoka. Na wachimbaji wengi, ambao dada zao na wake zao ndio waosha mawe, walianza kuona kwamba na wao inawafaa. Mwishowe likatangazwa neno: mulongo mmoja, mwanaume na mwanamke, kama mlivyofika. Ukuta ukabaki mtupu. Tulirudi nyumbani tunaimba nyimbo za kanisa tukichanganya makanisa yote.

Profesa peke yake hakuimba. Nilimwuliza ana nini. Akavuta kravati yake, akanionyesha. "Huyu njo alishinda," alisema. "Baliheshimu hii. Bamama bado." Nilimwambia aache kutafuta mifupa kwenye bukari, ugali wetu usio na mfupa. Nilidhani ni uchovu tu.

Sasa sikia wanawake wetu walifanya nini. Walikuwa na furaha, walitaka kushukuru, na kushukuru kwetu ni kumpa mtu nafasi ya heshima. Mama akaazima kiti kizuri, kile cha mbao chenye mikono ambacho hutolewa kwenye misiba na harusi, akakifuta, akatandika kitambaa cha kufuma, na siku ambayo Profesa aliahidi kuja kuuona mulongo mpya, akakiweka wapi? Mbele kabisa ya mulongo, karibu na mzani. Wanawake wakapanga mistari miwili, wakapiga vigelegele, wakamwongoza mzee mpaka kwenye kiti.

Profesa akakiangalia. Uso ukabadilika rangi. Akasema taratibu kwamba hawezi kukaa pale.

"Unakatala heshima yetu?" mama akamwuliza.

"Heshima yenu naipenda, mama. Kiti njo sipendi."

"Tata, mutu anakupatia kiti, unaikala. Kama hautaki, unaikala kidogo, unasema aksanti, unasimama. Juu ya nini kutupatisha haya mbele ya batu?"

Akageuka akaenda zake, mwavuli kwapani. Jioni mama alisema kwamba mtu anayekataa kila heshima anajiona mkubwa kuliko wanaoitoa, na kwamba jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa katikati, asubuhi na mlezi wangu, jioni na mama yangu, kila mmoja akiniuliza hali ya mwingine huku akijifanya hajali. Ukweli ni kwamba niliona wote wawili wana haki, na hilo ndilo lililonichosha.

Kiti kilibaki pale. Hakuna aliyejua ni nani wa kukiondoa. Siku iliyofuata alifika mkuu wa shimo, huyo anayeliweka kundi la wachimbaji na kulilipa, kwetu anaitwa PDG, na ukimwita vinginevyo hageuki. Akaona kiti, akakaa. Kama kiti cha heshima kipo, nani mwenye heshima kuliko yeye? Akauza wa kwanza. Baada yake akaja PDG mwingine, kisha shemeji wa chifu, kisha mchungaji ambaye hakuwa hata na mawe yake mwenyewe, alileta ya rafiki yake. Kila mmoja na watu wake nyuma yake. Haikupita muda mrefu, mulongo ulikuwa wa wale waliokaa na wale walio pamoja na waliokaa, na wanawake walijikuta tena ukutani, mifuko miguuni, wakitafuta mjomba wa kutuma.

Mama aliwatazama asubuhi kadhaa. Kisha siku moja, PDG akiwa amejipanga kukaa, suruali ameshaivuta magotini, mama akakinyanyua kiti chini yake, akakitia kichwani, na akatoka nacho barabarani. PDG nusura aketi vumbini. Hakuna aliyemzuia mama, kwa sababu wote walikuwa wanacheka, wachimbaji kuliko wengine. Kesho yake alifika mapema na kusimama kwenye mlango wa depo, akawapanga watu kwa jinsi walivyofika. Anayetaka kupita mbele alimwambia kiti kiko kwake, akakitafute huko. Baadaye wachimbaji na waosha mawe wakakubaliana abaki na kazi hiyo. Mpaka leo ndiye mama wa mulongo.

Profesa alipopata habari alikuja nyumbani kwetu. "Odi," akaita, na mama akatoka na mwiko mkononi. Nilijifanya natwanga pilipili.

"Mama, nilikuja kuomba musamaha. Hapana ya kiti. Ya hasira."

"Na mi nakuomba musamaha," mama akasema. "Hapana ya kiti. Ya bale baliikalia."

Akampeleka ndani na kumwekea kiti kilekile chenye mikono. Profesa alisita. Mama akamwambia kwamba hapa ni nyumba, si soko, na kama anakataa na humu basi asirudi. Akakaa. Walikula bukari na lengalenga, mchicha wa kwetu, na samaki, wakagombana kuhusu chumvi, na mama akampakulia wa kwanza.

Miaka imepita tangu wakati huo. Mimi sasa ninafundisha, na wanafunzi wangu wanalalamika visigino. Profesa alistaafu, magoti yakaanza kumsumbua, na kiangazi hiki binti yake aliye Lubumbashi aliamua kwamba wazee wahamie kwake. Mzee alizunguka mji akiaga. Aliaga duka la mikate, na nasikia kule walichelewa sana kufunga siku ile.

Mimi nilikuwa depo na wanafunzi wangu alipotokea. Kravati, mwavuli, sasa mwavuli ukifanya kazi ya fimbo. Jua lilikuwa kali na mulongo ulikuwa mrefu, umetoka bandani mpaka kwenye njia. Minong'ono ikapita kutoka nyuma kwenda mbele kwamba Profesa amekuja kuaga. Watu wakaanza kujitenga wenyewe kulia na kushoto, hakuna aliyewaambia. Njia ikafunguka mpaka kwenye mzani.

"Pita mbele, Profesa," mchimbaji mmoja akasema kwa upole. "Na magoti yako ile."

Karibu na mlango alikuwa PDG mmoja, amefika kwa kuchelewa na hapendi kungoja. Aliiona njia ilivyofunguka. "Ndiyo, muzee apite," akasema, "mi nitamusindikiza." Na akamshika Profesa mkono.

Mama alikuwa mlangoni. Aliona yote, niliona kwamba aliona. Najua jinsi anavyompenda yule mzee. Kila mwaka mpya anamtumia kuku. Aliangalia magoti, aliangalia mkono wa PDG, aliangalia wanawake waliokuwa katikati ya mulongo na mifuko yao kichwani.

"Profesa," akasema, "mwisho ya mulongo iko kule."

Mwanafunzi wangu mmoja alinigusa mkono kwa hofu. Mimi nilikuwa namtazama Profesa, na furaha niliyoiona usoni mwake sikuiona hata siku ya harusi ya yule wa Kisenge. Alijitoa taratibu kwenye mkono wa PDG. "Unasikia, patron?" akamwambia. "Kule." Akageuka, akaanza kutembea kurudi nyuma, polepole, akipita mbele ya kila mtu, na kila mtu alimwachia apite kwenda nyuma. PDG akamfuata, hakuwa na la kufanya.

Mwisho wa mulongo, mbele ya Profesa, alikuwa mchimbaji mmoja mtu mzima, mwenye mfuko mkubwa. Akauweka vizuri, akamwambia aketi juu yake, kwa kuwa mfuko hauna cheo. Profesa akakaa. Kila mulongo uliposogea, alisimama, mfuko ukavutwa, akakaa tena. Na alilalamika. Tulimsikia kutoka mlangoni: kwa nini ule anapima mara ya pili, kwani mzani umebadilika, kwani leo ni sikukuu, batu banafanya nini kule mbele. Wanawake walicheka mpaka mifuko ikayumba vichwani. Jua lilishahama upande wa pili wa banda alipofika kwa mama.

"Unaleta nini?" mama akamwuliza, kama anavyouliza kila mtu.

"Kafwako," akasema Profesa. Hana kitu. "Nilikuja kukuaga tu."

Mama akakunja magoti mpaka yakakaribia ardhi, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjika, salamu ambayo bibi zetu waliwapa wakubwa wao, na machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya wachimbaji wote. Profesa naye akapiga makofi kujibu. Kisha mama akasimama, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

"Safari njema, tata," akamwambia. "Sasa pisha, batu banangoya."